Uso kwa Uso: Maana ya Neno Hili na Matumizi Yake

Waingereza wana neno walitumialo kila siku, "face to face," nasi katika Kiswahili twalisema vivyo hivyo: uso kwa uso. Tena tuna neno jingine, ana kwa ana, na jingine, macho kwa macho. Ni maneno mepesi, hata mtoto wa darasa la pili ayajua. Walakini maneno mepesi ndiyo ambayo watu huyatumia pasipo kuyapima. Huku kwetu, Musoma na Bunda na Butiama, utawasikia wawili wakigombana, na mmoja asema, "Kama ana neno, na anijie uso kwa uso." Mwingine ajisifu akisema, "Mimi nilimwambia yote mbele ya macho yake," kana kwamba kusema mbele ya mtu ni wema peke yake, hata kama maneno yenyewe yalikuwa matusi. Basi yafaa tuulize: Neno hili maana yake nini? Je, ni wajibu wa kila mtu kusema na mwenzake uso kwa uso siku zote? Au ziko nyakati ambapo ni halali, tena ni wema, kutofanya hivyo?

Kwanza tutazame neno lenyewe. Limekaa katika Biblia za Waingereza tangu zamani, nasi twalisoma katika Biblia yetu. Waebrania walisema nyuso kwa nyuso, maana katika lugha yao uso husemwa kwa wingi. Wayunani walisema uso kwa uso. Na wafasiri wakawafuata. Katika Kitabu cha Kutoka, mlango wa 33, twasoma ya kwamba Musa alisema na Mungu kwa namna hii. Lakini ukiendelea mistari michache mbele katika mlango uo huo, waona Musa akiambiwa ya kwamba hawezi kuuona uso wa Mungu akaishi. Wengine husoma hapo wakadhani kitabu chajipinga chenyewe. Sivyo. Yatuonyesha kwamba tangu mwanzo neno hili halikuwa habari ya macho tu. Maana yake ni kwamba hapakuwa na mjumbe katikati: aliyesema alisema mwenyewe, na aliyesikia alisikia mwenyewe, akaweza kujibu.

Ushahidi wa pili ni Mtume Yohana. Katika kumaliza Waraka wake wa Pili na wa Tatu asema kwamba anayo mengi, walakini hapendi kuyamaliza kwa wino. Atarajia kuja mwenyewe. Kwa Kiyunani aliandika kinywa kwa kinywa, na Waingereza waliofasiri Biblia ya mwaka 1611 wakaliandika uso kwa uso. Hawakukosea sana, kwa kuwa kinywa na uso hapa vyatenda kazi moja: watu wawili wapo, kila mmoja aweza kunena, na kila mmoja aweza kujibiwa.

Basi nyuso kuelekeana hakutoshi. Katika magazeti yetu twasoma mara nyingi kwamba magari yamegongana uso kwa uso. Watu wa Mara hawajasahau mwezi wa Septemba mwaka 2014, mabasi mawili yalipogongana karibu na Musoma, na watu zaidi ya 30 wakafa. Magari huelekeana, lakini hayasemi wala hayasikii. Kila moja lina mwendo wake tu. Watu nao waweza kukutana kwa namna hiyo hiyo. Mtu akimwendea mwenzake akamwaga hasira yake yote, kisha akageuka akaenda zake kabla ya kusikia jibu, huyo hakusema naye uso kwa uso. Amemgonga tu.

Wazee wametuachia methali mbili zitusaidiazo hapa. Ya kwanza yasema, Uso umeumbwa na haya. Ya pili yasema, Akupaye kisogo si mwenzio. Methali ya kwanza ni ya hekima nyingi. Mtu aliye mbele yako ana macho yakutazamayo, na paji likunjamanalo, na midomo itetemekayo. Ukimwambia neno zito, waona jinsi limwingiavyo, nawe wapunguza ukali; au waona kwamba hukumwelewa, nawe wauliza tena. Haya si udhaifu. Ni ulinzi tuliopewa, tusiseme kila lipitalo moyoni. Karatasi haina paji la kukunjamana. Ujumbe wa simu nao ni vivyo hivyo: mtu aliyelala kitandani usiku huuandika kwa dakika moja, akamwita mwenzake mwizi au mchawi, akaupeleka, akalala usingizi. Mchana wake, mbele ya mtu yule, asingeweza kulitamka neno hilo, kwa kuwa uso uletao haya ungalikuwapo.

Tuchukue mfano. Tuseme mfanya biashara wa Bunda amemkopesha mvuvi wa Musoma fedha za kununulia nyavu za dagaa. Siku ya kulipa imepita. Mfanya biashara aandika ujumbe mkali, wa pili mkali kuliko wa kwanza, na wa tatu una matusi. Mvuvi azima simu. Sasa mmoja amekuwa mwizi machoni pa mwenzake, na mwingine amekuwa mkatili, wala hawajaonana. Lakini tuseme mfanya biashara alipanda basi akaenda mwaloni mwenyewe. Angaliona mitumbwi imevutwa mchangani, na taa za kuvulia hazikuwashwa, kwa sababu ni siku za mbalamwezi, na dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza. Angalijua kwamba deni halikukataliwa, bali limechelewa. Naye mvuvi angaliona kwamba mtu huyu amelipa nauli na kuacha duka lake, kwa hiyo naye ana shida ya fedha zake. Ndiyo faida ya kuonana: huuoni uso wa mtu peke yake, waona na mahali asimamapo. Wala tusimlaumu mkopeshaji peke yake. Aliyezima simu amempa mwenzake kisogo, na methali ya pili yamhusu yeye.

Mfano mwingine ni wa misiba. Tangu watu walipoanza kupelekeana fedha kwa simu, rambirambi hufika upesi, nayo ni baraka. Mtu aliye Dar es Salaam au ng'ambo asilaumiwe akipeleka mchango wake kwa njia hiyo, maana ndiyo awezavyo. Lakini aliye kijiji cha pili, mwenye miguu mizima na siku tupu, akipeleka fedha asiende kuketi na wafiwa hata saa moja, ajiulize ametoa nini. Fedha zitanunua unga, wala hazitaketi kando ya mjane. Kuna deni lilipwalo kwa mkono, na kuna deni lilipwalo kwa kuwapo.

Sasa tuje kwenye neno kubwa zaidi, ndilo haki. Katika Matendo ya Mitume, mlango wa 25, liwali Festo amweleza Mfalme Agripa habari za Paulo. Wakuu walitaka Paulo ahukumiwe, lakini Festo akawajibu kwamba si desturi ya Warumi kumtoa mtu kabla hajaonana na washitaki wake uso kwa uso na kupewa nafasi ya kujitetea. Festo hakuwa Mkristo, wala hakuwa mtu wa sifa kubwa. Walakini jambo hili alilijua. Mahakama zetu zafuata kanuni iyo hiyo. Nalo baraza la kata, ambalo tangu mwaka 2021 limebakiziwa kazi ya kupatanisha tu katika magomvi ya ardhi, haliwezi kupatanisha mpaka pande zote mbili zimeketi. Lakini vijijini, nje ya mabaraza, watu wangapi wamehukumiwa kisogoni! Mama mzee ana macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka mingi. Jirani afiwa na mtoto. Neno laanza kisimani, lafika gulioni, lazunguka kijiji kizima, na mtu wa mwisho kulisikia ni yule mama mwenyewe. Hakuna aliyemwuliza. Kusengenya ni kesi isiyo na mshitakiwa, kwa hiyo siku zote hukumu yake ni moja.

Je, kila kosa lisemwe mbele ya watu wote? Hapana. Katika Injili ya Mathayo, mlango wa 18, twafundishwa kumwendea ndugu aliyekosa tukiwa wawili tu. Asiposikia, twachukua shahidi mmoja au wawili. Na mwisho ndipo kanisa. Lakini Paulo katika Waraka kwa Wagalatia aeleza kwamba kule Antiokia alimpinga Petro usoni pake, mbele ya wote. Mbona hakumwendea faraghani? Kwa sababu kosa la Petro lilikuwa la hadharani: alijitenga na watu mezani, na wengine wakamfuata. Basi kosa la siri lionywe kwa siri, na kosa lililowapotosha wengi lionywe mbele ya hao wengi. Mwenye kumwaibisha mtu hadharani kwa kosa la faragha asijitetee kwa kusema, "Nilimwambia uso kwa uso." Uso mmoja unatosha, yeye alitafuta nyuso mia.

Hapa Butiama tuna ukumbusho wa mtu aliyejua thamani ya kuwaendea watu. Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa huku mwaka 1922, alikuwa Waziri Mkuu nchi ilipopata uhuru Desemba 1961. Mwezi wa Januari 1962 aliuacha ukuu huo, akazunguka nchi kuzungumza na watu na kukijenga chama. Tena Oktoba 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, alitoka Butiama kwa miguu hata Mwanza, safari ya zaidi ya kilometa 200. Redio ilikuwapo, nayo ingalipeleka sauti yake kote kwa saa moja. Lakini redio husema isisikie. Mwenye kutembea huonekana jasho lake na vumbi la miguu yake, na mkulima wa kando ya njia aweza kumwambia neno. Watu huweza kubishana juu ya siasa za miaka ile. Ila nadhani wachache watabisha kwamba kiongozi aliyewaona watu wake ajua jambo ambalo karatasi za ofisini hazimwambii.

Basi mpaka hapa twaweza kudhani kwamba jawabu ni rahisi: siku zote uso kwa uso. Walakini kuna hoja tatu za upande wa pili, nazo si za kupuuzwa.

Hoja ya kwanza ni hii: haya ile ile izuiayo matusi huzuia na ukweli. Kijana huitwa mbele ya wazee, aulizwa kama amekubali shamba la marehemu baba yake ligawanywe hivi na hivi. Mbele yake ameketi baba mkubwa, aliyemlea. Kijana ainamisha kichwa, asema, "Ndiyo, mzee." Moyoni amesema hapana. Mwaka unaofuata yuko mahakamani, na ukoo umegawanyika. Hiyo ndiyo ndiyo ya haya, na mahali petu ni nyingi mno. Kwa mtu kama huyo barua ingalikuwa rehema, maana karatasi humpa mnyonge nafasi ya kupanga neno lake pasipo kutetemeka. Hata Paulo mwenyewe alisemwa huko Korintho kwamba nyaraka zake ni nzito, bali akiwapo mwenyewe ni dhaifu. Hakuacha kuandika kwa sababu hiyo. Aliwajibu kwamba jinsi alivyo katika nyaraka, ndivyo atakavyokuwa akiwapo kwa matendo. Ndicho kipimo chetu nacho. Hakuna dhambi katika wino. Dhambi ni kuwa mtu mmoja katika wino na mtu mwingine mbele ya macho.

Hoja ya pili ni hofu. Mwezi wa Machi mwaka 2009, wakati watu wenye ualbino walipokuwa wakiuawa katika nchi yetu, Serikali iliendesha kura za siri katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, watu wakaandika majina ya wale waliowashuku. Wengine walilalamika, na hofu yao ilikuwa ya haki: karatasi isiyo na jina la mwandishi yaweza kubeba kisa cha mpaka wa shamba, au wivu wa ng'ombe. Lakini tuwaulize hao: Mama maskini ajuaye muuaji ni nani, naye muuaji ni jirani yake mwenye panga, je, tumlazimishe asimame gulioni amtaje uso kwa uso? Usiku ule ule angeweza kufa. Basi kura ya siri yaweza kuwa mwanzo wa uchunguzi, ila haiwezi kuwa hukumu. Jina lililoandikwa gizani sharti lichunguzwe, na mwisho mshitakiwa aletwe mahali pa nuru, asikie ameshitakiwa nini, akajitetee. Festo hakukosea.

Na jambo jingine la namna hiyo liko mlangoni petu. Sheria ya mwaka 1998 yakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Hata hivyo ifikapo Desemba wasichana wa mkoa wetu hukimbia usiku, wengine wakiwa na nguo moja tu, wakaingia katika nyumba za kuwahifadhi zilizoko Butiama na Serengeti. Nimewasikia watu wazima wakisema, "Mtoto mwenye adabu angalimwambia baba yake uso kwa uso, asingalitoroka." Maneno hayo yana sura ya hekima, lakini ni ya kikatili. Uso wa mtoto wa miaka kumi na miwili na nyuso za ukoo mzima si uso kwa uso. Ni mmoja kwa hamsini. Mtoto hana nafasi ya kujibu, nasi tumekwisha kuona kwamba pasipo nafasi ya kujibu neno hili halina maana. Katika nyumba zile hufanyika jambo la hekima: wazazi huitwa baadaye, huketi na mtoto wao mbele ya watu wawezao kumlinda, na wengine hupatana, mtoto akarudi nyumbani salama. Hapo ndipo pana uso kwa uso wa kweli, kwa sababu mnyonge ameongezewa kimo mpaka macho yake yakalingana na macho ya mwenye nguvu. Basi tuseme wazi: mzigo wa kuanza kuonana ni wa mwenye nguvu. Baba na amwendee mtoto, mkopeshaji amwendee mdeni, mwalimu amwendee mwanafunzi. Tusimdai mnyonge ushujaa ambao sisi tungeukosa.

Hoja ya tatu ni ya dhamiri. Idi Amin alipoipindua Serikali ya Uganda Januari 1971, Mwalimu Nyerere alikataa kuketi naye katika baraza la Marais watatu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Baraza lile halikukutana tena, mpaka Jumuiya yenyewe ikavunjika mwaka 1977. Ajabu ni hii, kwamba yule aliyetembea zaidi ya kilometa 200 kuonana na watu alikataa kuvuka chumba kimoja kuonana na mtu mmoja. Je, alijipinga? Nadhani hapana. Kuketi na mtu uso kwa uso ni kumpa heshima, na heshima nayo ni ushuhuda. Mwalimu aliona kwamba kuketi pale kungekuwa ni kusema mapinduzi na damu ni njia halali ya kupata kiti. Lakini tusifiche upande wa pili: kukataa kule kulikuwa na gharama. Reli, bandari, posta na ndege za nchi tatu zilikuwa mali ya pamoja, na wakuu wasioketi hawawezi kutengeneza kilichoharibika. Jumuiya ilikuwa na magonjwa mengine pia, wala haikufa kwa sababu hii moja; ila hii nayo imo. Basi mwenye kukataa kuonana na mtu kwa ajili ya dhamiri na ajiulize mambo mawili. Je, ni dhamiri kweli, au ni kiburi kilichovaa nguo za dhamiri? Na gharama yake italipwa na nani, mimi au wengine? Ndugu wawili wa Bunda wasiosalimiana miaka saba kwa ajili ya ndama mmoja wasijifananishe na Butiama na Kampala.

Sasa twaweza kujibu swali letu la kwanza. Kuonana uso kwa uso ni kusema na mtu pasipo mtu katikati, hali kila mmoja aweza kujibu, na kila mmoja yu tayari kusikia. Mahali yanapopatikana hayo, ndiyo njia iliyo bora, nasi tusiikimbie kwa uvivu wala kwa woga. Mahali yasipopatikana, barua ni halali, mjumbe ni halali, mpatanishi ni halali. Ila vyote hivyo viwe njia ya kuelekea kuonana, visiwe mahali pa kujificha. Mtu aliye na neno juu ya mwenzake na ajipime hivi: Neno nililolisema kisogoni pake, naweza kulisema usoni pake? Nikilisema usoni, nitaketi mpaka anijibu? Na yeye, ataweza kunijibu pasipo kuogopa?

Tena tusikawie. Yakobo alikaa miaka ishirini mbali na Esau ndugu yake, kwa hofu ya kosa lake. Alipokuwa akirudi alitanguliza wajumbe, kisha makundi ya wanyama kuwa zawadi, kundi baada ya kundi. Lakini mwisho hapana mbuzi wala ngamia aliyemaliza kazi ile. Yakobo alipita mbele mwenyewe, akainama, na Esau akamkimbilia. Yeye alifika angali na ndugu wa kumjibu. Si wote wafikao hivyo. Desturi yetu ni kumwaga marehemu: jeneza hufunguliwa, watu hupita mmoja mmoja wakautazama uso. Mara nyingi yuko mmoja kati yao asimamaye zaidi ya wengine, akilia kuliko wote, naye alikuwa na neno moja la kumwambia yule aliyelala, na kila mwezi alisema, "Nitakwenda." Sasa amekwenda. Nyuso zimeelekeana, lakini jibu halipo tena.

Msomaji mpenzi, kama unaye mtu kama huyo, naye angali hai, nauli ya basi si kubwa kuliko neno lile.